Mama Msusi na Pete ya Kurumbiza

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Punguza moto chini ya sufuria, sogeza kiti, na wewe uliye njiani tembea polepole usije ukafika kabla hatujamaliza. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye siku za kazi alisuka vichwa vya watu, na siku za mapumziko alivisha ndege pete. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: alivisha ndege pete. Ulimi haujateleza. Nasema ndege hawa hawa wanaoimba dirishani kwako alfajiri, nawe unajivutia shuka kichwani.

Alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu kilichopasuka pembeni, viti viwili, na benchi la wanaosubiri. Wenzake walimwita Mama Msusi, na kwa ruhusa ya familia, nasi tutamwita hivyo. Amefariki baada ya kuugua kifua kwa muda mfupi. Ameacha mume na binti mmoja.

Mumewe ni fundi saa. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa saluni, kina dirisha dogo, na ndani mna saa nyingi kiasi kwamba ukimuuliza saa ngapi lazima kwanza akuulize unaamini ipi. Mke upande huu na nywele, mume upande ule na vijigurudumu. Wateja walikuwa wakisema watu hawa wawili wameoana kwa sababu hakuna mwingine ambaye angewavumilia kwa utaratibu wao. Fundi saa hakatai. Anasema mkewe aliweza kumaliza kichwa kizima huku anazungumza bila kumeza mate, naye akimsikiliza kutoka upande wa pili wa ukuta, na siku ikapita vizuri.

Sasa, ndege waliingiaje? Pembeni mwa mji wao kuna hifadhi ndogo ya miti, na katikati yake kuna kinamasi. Kila msimu ndege wanapohama, watu wa kujitolea hukutana pale asubuhi za mapumziko. Hutandaza nyavu kati ya miti, nyavu nyembamba sana ambazo ndege hawazioni. Ndege akinaswa hutolewa taratibu, huwekwa ndani ya kifuko cha kitambaa, hupimwa uzito, hupimwa bawa, huvishwa mguuni pete nyepesi yenye namba, kisha huachiwa aende zake. Basi. Siku akinaswa tena, pale pale au nchi ya mbali, namba ile itaeleza alikotoka na ameishi kwa muda gani. Hakuna anayelipwa. Ukifika wanakupa chai na mbu wanakunywa damu yako, hesabu imelingana.

Anayewaongoza ni mwalimu mstaafu, mama mmoja mpole asiyependa makelele. Alikuwa mteja wa saluni. Siku moja alikuwa amekaa kitini anafumuliwa nywele zilizojisokota vibaya, akasinzia kabisa. Alipozinduka, kazi imekwisha na hajasikia maumivu hata kidogo. Akamwambia msusi wake kwamba vidole kama vile vinapotea bure humu ndani. Mama Msusi alidhani ametukanwa. Kumbe alikuwa anaalikwa.

Alikwenda mara ya kwanza ili tu mteja asinune. Akaonyeshwa ndege aitwaye shore aliyejiviringisha wavuni mpaka huoni kichwa wala mkia. Mwalimu akamweleza kwamba ndege hutoka kwa njia aliyoingilia, kwa hiyo tafuta kwanza miguu, halafu tumbo, halafu bawa, kichwa mwisho. Mama Msusi akasogea. Akaanza kumsemesha yule shore, kama anavyowasemesha watoto wanaoogopa chanuo: tulia baba, nakaribia, bado kidogo tu. Nyuzi zikaachia moja moja. Alipomshika mkononi na kusikia moyo wake unavyokwenda mbio, alikosa la kusema. Mwalimu anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza alimwona Mama Msusi kanyamaza.

Tangu siku hiyo, wasikilizaji wapendwa, hakukosa msimu. Akawa ndiye anayeitwa ndege akijifunga vibaya. Kisha akafundishwa kuvisha pete, akawa anawafundisha wageni. Nyumbani mume alikuwa na utani wake. Aliwaambia majirani kwamba amelala na msusi, ameamka na mwindaji. Alimuuliza mkewe kama hao ndege wanataga japo yai moja la kuleta nyumbani. Wakati huo hakuwa amewahi kukanyaga hifadhini hata mara moja. Yeye ndege aliyemjua ni yule wa saa ya ukutani anayetoka mlangoni na kulia.

Miaka ikaenda hivyo. Halafu mkono ukaanza kutetemeka.

Kilianza kidole kimoja cha mkono wa kulia. Mama Msusi alikuwa anagawa nywele za mteja kwa chanuo, mstari ukaenda upande. Akagawa upya, ukaenda upande tena. Akamwambia mteja nywele zako leo zimeamka na ukaidi. Mteja akacheka, lakini msusi mwenyewe hakucheka. Siku zilizofuata akailaumu chai, akaacha chai. Akalaumu baridi ya asubuhi. Akalaumu godoro. Alilaumu kila kitu isipokuwa mkono. Mwishowe alikwenda hospitali peke yake, bila kuaga, na daktari akamweleza kwa upole kwamba ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Dawa za kuupunguza kasi zipo. Dawa ya kuuondoa haipo.

Alizificha zile dawa ndani ya kopo la mafuta ya nywele. Nyumbani hakusema. Hifadhini ndiyo kabisa hakusema.

Na hapa inabidi tuelewane vizuri. Pale hifadhini kanuni ni moja, na Mwalimu huirudia kila asubuhi kabla nyavu hazijafunguliwa: ndege kwanza. Ukichoka, kaa. Ukiumwa, kaa. Mkono wako ukikosa utulivu, kaa, hakuna atakayekuuliza. Mama Msusi aliijua kanuni hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa akiwasomea wageni. Lakini mwenzako akikaa kwa sababu ya mafua, wiki ijayo atasimama. Yeye alijua kwamba siku akikaa, amekaa moja kwa moja. Saluni ilikuwa inaondoka mikononi mwake, kichwa baada ya kichwa. Nyavu ndizo zilizokuwa zimebaki. Binti yake ameniambia kwa sauti ya chini: "Mama alikuwa haogopi ugonjwa. Alikuwa anaogopa siku watakayompa kiti."

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa Mama Msusi hakikuwa kifo. Kilikuwa kindege.

Asubuhi hiyo alikuwa peke yake mezani. Mwalimu alikuwa kwenye wavu wa karibu, nyuma tu ya kichaka. Ndani ya kifuko mlikuwa na kurumbiza, ndege mdogo wa vichakani mwenye kifua cha rangi ya machungwa, yule anayeimba kwa madaha. Kurumbiza huyu hahami. Kichaka chake ni kile kile mwaka mzima. Mama Msusi akampima uzito, akapima bawa, yote salama. Akaipanga pete ndani ya koleo. Pete ile huja ikiwa wazi kidogo. Unaizungusha mguuni, unabana, ncha mbili zinakutana sawasawa, na pete inacheza vizuri bila kuubana mguu. Akabana. Mkono ukaruka.

Ncha mbili hazikukutana. Ilipanda moja juu ya nyingine. Pete ikapandana, ikawa ndogo kuliko mguu unavyotaka, ikaubana. Wanaofanya kazi hii wanalijua kosa hili na wanaliogopa, kwa sababu pete iliyopandana inaweza kuuvimbisha mguu mpaka ndege akaupoteza. Na dawa yake wanaijua pia. Unamshika ndege vizuri, unaita mtu.

Mama Msusi alisikia nyayo za Mwalimu zinakuja. Akaitazama pete. Akautazama mkono wake unavyotikisika. Na kabla kichwa hakijaamua, mkono ukafunguka. Kurumbiza akaruka, akaingia kichakani.

Mwalimu akatokea, akauliza vipi. Akajibiwa, "Salama."

Neno moja tu. Mwalimu akaendelea na kazi yake.

Wasikilizaji wapendwa, sitaki tumhukumu marehemu. Lakini familia yake imeniomba nisiliruke hili, na mume amesisitiza kwamba mwenyewe angekasirika likirukwa. Kwa hiyo nimelisema. Aliogopa, akaachia, akadanganya.

Siku ile hakula. Kesho yake hakula. Alisema kila alipofumba macho aliona kamguu kale kembamba. Siku ya tatu, mchana, jua kali, alitoka saluni akaacha mteja na nusu ya kichwa, akaenda kusimama kwenye dirisha la kibanda cha mumewe. Fundi saa alikuwa ameinamia saa ya mtu, kile kioo chake cha kukuzia amekibana jichoni.

"Nimemfunga ndege vibaya," mkewe akasema, "halafu nikamwachia."

Fundi saa hakuinua kichwa. "Mkono?"

"Unajua?"

"Tangu siku ulipoacha chai. Mama, wewe na chai nawajua. Huwezi ukaiacha bure."

"Na ukanyamaza."

"Ulikuwa umenyamaza wewe kwanza. Nikasema labda ndivyo anavyotaka."

Fundi saa anasema walitazamana pale dirishani, mtu na mkewe, kila mmoja na siri ile ile moja mfukoni. Alijisikia mjinga kuliko alivyowahi kujisikia. Kisha akakitoa kile kioo jichoni na kuuliza maswali ya kifundi. Pete ni ya madini gani? Laini au ngumu? Ncha imepanda juu ya mwenzake kiasi gani? Mguu una unene gani? Mkewe akatafuta cha kumwonyesha, akaokota njiti ya kiberiti. Fundi saa akafunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo halijapata kutokea. Mwenye saa akalalamika. Akaambiwa saa yako imesimama wiki nzima, isimame na leo.

Wakaenda kwa Mwalimu. Walimkuta uani, anaanika vile vifuko vya ndege kwenye kamba. Mama Msusi alisema yote akiwa amesimama, hakukubali kiti. Alisema kuhusu mkono, daktari, pete, na lile neno salama. Mwalimu aliendelea kubana kifuko kimoja kwenye kamba kwa muda mrefu sana. Hakufoka. Alisema tu, "Nilikuwa nyuma ya kichaka. Ungeniita."

Mama Msusi aliwahi kumwambia binti yake kwamba afadhali angetukanwa.

Wiki hiyo hiyo, asubuhi ya nyavu, aliwaomba watu wote wasimame mezani, akayarudia yote mbele yao. Miongoni mwao yupo dereva wa lori, mtu wa maneno makavu. Huyo hakupindisha. Alisema yeye akigonga gari la mtu husimama hapo hapo, hakimbii. Wengine wakainamisha macho. Mama Msusi akamjibu kwamba amesema kweli tupu na hana la kuongeza.  Na dereva ndiye aliyekuwa wa kwanza kubeba nguzo za wavu kwenda kwenye kichaka cha kurumbiza.

Maana mpango ulikuwa huo, wapendwa wasikilizaji. Ndege yule hahami. Yupo pale pale. Basi anaswe tena, pete iondolewe. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini ndege aliyeruka, Mungu akipenda, anaweza kurudi wavuni. Tatizo ni kwamba msimu ulikuwa unakaribia kwisha. Kibali chao kikiisha, nyavu zinakunjwa mpaka msimu mwingine. Mguu ule usingengoja msimu mwingine.

Wakatega, wakangoja. Wakanasa shore, wakanasa mbayuwayu, wakanasa na popo mmoja aliyechelewa kurudi kwake. Kurumbiza hakuna. Ndege akishanaswa mara moja huwa mjanja. Huyu alishaujua wavu. Na kilichouma zaidi ni kwamba alikuwa anaimba. Alikaa nyuma ya wavu, ndani kabisa ya majani, akaimba asubuhi nzima. Wote walimsikia. Wiki iliyofuata wakarudi, ikawa hivyo hivyo. Mama Msusi alikuwa amekaa kitini, kile kiti alichokiogopa, mikono ameilaza mapajani, anasikiliza.

Huko nyumbani nako kulikuwa na kazi. Mwalimu alikuwa amewaeleza ukweli wake. Katika maisha yake amewahi kujaribu kuondoa pete iliyopandana mara moja tu, na mguu wa yule ndege ulivunjika. Hakutaka kujaribu tena. Fundi saa akaomba pete chache zilizoharibika, akaenda nazo nyumbani. Akawa anaivisha pete njiti ya kiberiti, anaipandanisha makusudi, kisha anajaribu kuifungua kwa koleo zake nyembamba za saa bila kuvunja njiti. Njiti zikavunjika. Akavunja kiberiti kizima, akafungua kingine. Binti yao alipokuja kuwatembelea alikuta njiti zilizovunjika kila mahali, mezani, sakafuni, hata kwenye sahani. "Nilijua baba ameanza kuvuta sigara uzeeni," ameniambia, na hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuzungumza. "Nikamwuliza mama, akaniambia, mwache, anatahiniwa."

Ikafika siku ya mwisho ya msimu. Nyavu zilifunguliwa mapema. Ndege hakuja. Jua lilipoanza kupanda, watu wakaanza kuongea kwa sauti za chini, namna watu wanavyoongea wakishakata tamaa na hawataki kuwa wa kwanza kulisema. Mama Msusi akamwita Mwalimu pale kitini. Akamwambia wavu uko mahali pabaya.

Kwa siku zote zile alizokaa, kazi yake ilikuwa kutazama tu. Na alikuwa ameona kitu. Nyuma ya kibanda cha mlinzi wa hifadhi kuna bomba linalovuja, na chini yake kumefanyika kidimbwi kidogo kisichotosha hata kunawa uso. Kila asubuhi, jua likishapasha ardhi, kurumbiza alikuwa anaacha kuimba kwa muda. Kwa nini aache? Kwa sababu alikuwa anateremka kwenda kuoga. Mama Msusi alikuwa ameona majani yakicheza upande ule kila wimbo unapokatika. Wengine wote, wenye kazi mikononi, hawakuwa na nafasi ya kuliona hilo.

Mwalimu hakuuliza mara mbili. Dereva wa lori akang'oa nguzo, wakahamisha wavu, wakajificha. Wimbo ukakatika. Kimya. Halafu wavu ukacheza.

Alikuwa yeye, pete ile ile, namba ile ile. Mguu ulikuwa umevimba kidogo juu ya pete na umekuwa mwekundu, lakini ulikuwa mzima, na vidole vyake vilishika. Mwalimu akamshika, shingo ya ndege katikati ya vidole viwili, mgongo kwenye kiganja. Fundi saa akakaa mbele yake, akabana kioo jichoni. Kumbukeni, mtu huyu hajawahi kumgusa ndege wa porini. Anasema aliposogeza koleo aliona mguu unapumua. Njiti haipumui. Akarudisha mikono nyuma. Akasema hawezi.

Ndipo Mama Msusi akasogeza kiti chake, akakaa ubavuni mwake. Hakumgusa, mikono yake aliikalia ili isimsumbue. Akaanza kumsemesha kwa sauti ile ya saluni, pole pole. Tulia. Usitazame ndege, tazama pete. Shika ncha ya juu. Usivute, fungua tu, kidogo. Pumzika. Tena. Mumewe anasema hajui mpaka leo kama maneno yale alikuwa anaambiwa yeye au kurumbiza. Wote wawili walitulia. Ncha ikaachia ncha. Pete ikaanguka juu ya kitambaa.

Mguu haukuvunjika. Nasema tena, kwa kuwa nami nilipoambiwa niliuliza mara mbili: mguu haukuvunjika.

Mwalimu akamgeukia Mama Msusi, akamnyooshea ndege amwachie. Mama Msusi akatikisa kichwa, akasema mikono hii, hapana, imeshafanya yake. Mwalimu akamjibu, "Kumfunga kunataka mkono uliotulia. Kumwachia kunataka mkono uliofunguka tu." Akamweka kurumbiza kiganjani mwake. Kiganja kikawa kinatikisika, na ndege juu yake anatikisika nacho, kwa muda mfupi hajui kwamba yuko huru. Kisha akajua, akaruka. Mama Msusi alilia pale pale mezani mbele ya watu wote, na dereva wa lori akaenda kuangalia nyavu ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Msimu uliofuata Mama Msusi alirudi, akakaa kitini kwa hiari yake. Alifundisha kwa mdomo, na mdomo, wasikilizaji, tumeshaambiwa ulikuwa mzima. Mgeni akishika koleo, yeye yuko ubavuni: shika ncha, usikaze, pumua. Alisikia ndege ambao wengine hawakuwasikia, akasema wavu uhamishwe, ukahamishwa. Saluni aliifunga. Kiti chake kimoja kikahamia upande wa pili wa ukuta, ndani ya kibanda cha saa, ili maongezi yasipungue. Na fundi saa, yule aliyekuwa anauliza mayai, akawa mtu wa nyavu. Aliamka kabla ya mkewe, akawa ndiye anayemharakisha.

Aliishi hivyo misimu kadhaa. Kisha kikaja kifua, na mwezi uliopita akatutoka, mume na binti wakiwa naye.

Kwa mume, fundi saa, tunasema pole sana, mzee wetu. Kwa binti, pole, Mungu akupe moyo wa subira. Kwa Mwalimu na watu wote wa nyavu, hata wewe dereva, najua unasikiliza huko barabarani, poleni. Mmepoteza mtu. Marehemu apumzike kwa amani.

Lakini kabla sijawaaga, lipo jambo Mwalimu amenieleza jana, na nimeomba ruhusa nilisimulie. Msimu huu umefunguliwa juzi. Watu hawakumtegemea fundi saa, mazishi bado mabichi. Akatokea. Akakaa mezani, akaletewa kifuko, ndani yake shore. Akapima, akachukua koleo. Mikono yake haina ugonjwa. Ni machozi tu, anasema, yalikuja wakati mbaya. Akabana, na pete ikapandana.

Mwalimu alikuwa mbali, hakuna aliyekuwa anatazama. Ndege alikuwa mkononi mwake, kichaka kiko pale. Fundi saa akaukaza mkono, akainua kichwa, akaita kwa sauti iliyofika mpaka kwenye nyavu za mwisho: "Nimekosea huku. Njooni."

Wakaja wote.

Wasikilizaji wapendwa, huenda na wewe unalo jambo umelifumba. Mkono unaotetemeka, chakula kisichopita, neno salama ulilolisema na halikuwa salama. Na huenda yupo mtu chumba cha pili, anayejua tayari, anangoja uanze wewe. Nyimbo nilizokuwa nimewaandalia zitakuwepo siku nyingine. Zima redio, ukamwite.